Msaada: Makao yetu ya watoto, chawa hawaishi. Tunapaka dawa, tunanyoa, wanarudi. Tunakosea wapi?

Mama wa Bweni (mleta uzi)
Habari zenu wanajukwaa. Mimi ni mlezi kwenye makao ya watoto mkoani Kilimanjaro. Tuna watoto 34, wasichana 19 na wavulana 15. Mdogo ana miaka 3, mkubwa 16. Wavulana wote wananyolewa, huko hakuna tatizo. Tatizo ni bweni la wasichana.

Tangu mwaka jana tumepaka dawa mara tatu. Kila tukipaka kunatulia, wiki mbili hazijaisha naona mikono imerudi vichwani. Wanajikuna usiku, asubuhi wanasinzia darasani. Mwezi uliopita uongozi ukaamua wote wanyolewe. Kuna mmoja wa miaka 9, alikuja kwetu akiwa amesukwa na mama yake, na mama alifariki wiki ile ile. Ilituchukua miezi miwili kumshawishi afumue. Siku ya kunyoa alijifungia chooni mpaka jioni. Sitaki kuiona siku ile tena.

Nywele zimeanza kuota, na juzi nimemuona chawa kwenye kichwa cha mtoto mwingine. Naomba kujua mawili: kwa nini wanarudi, na je, kuna namna ya kuwazuia bila kunyoa?

Tandale Kwetu
Nimeona neno chawa nikajua ni uzi wa siasa, nimeingia mbio. Pole sana dada. Navuta kigoda, nasubiri wajuzi.

Mkulima Njombe
Usafi tu dada. Waoge kila siku, mashuka yafuliwe, wasiazimane chanuo. Chawa anapenda uchafu. Kwangu nina watoto sita na hajawahi kuingia.

Nesi wa Zamu
Mkulima, hapo kwenye uchafu nakukatalia. Huyo unayemsema ni chawa wa mwilini, anayekaa kwenye mishono ya nguo zisizofuliwa. Chawa wa kichwani ni ndugu yake lakini tabia ni nyingine. Huyu haulizi kama kichwa kimeoshwa leo au mwezi jana, anachotaka ni damu na unywele wa kushikilia. Mtoto anayeoga mara mbili kwa siku anampata vilevile.

Dada mleta uzi, haruki wala harukiruki kama kiroboto. Anatambaa. Kwa hiyo njia yake kubwa ni kichwa kugusa kichwa: watoto wawili kwenye godoro moja, watatu wameinamia kitabu kimoja, mtoto kalala mapajani mwa mwenzake anasukwa. Akitoka kichwani hana maisha marefu, siku moja mbili anakufa kwa njaa.

Kurudi kwake ni hivi. Jike anataga mayai mpaka 8 kwa siku, anayagandisha kwenye unywele karibu kabisa na ngozi. Yai linaanguliwa baada ya siku 7 mpaka 10 hivi. Dawa nyingi zinaua chawa, mayai zinayaacha. Ukipaka mara moja tu, wiki ya pili waliokuwa kwenye mayai wanatoka, na baada ya siku kama kumi nyingine nao wanataga. Hesabu zako za "wiki mbili" zinalingana na hili. Je, mlirudia dawa siku ya 9?

Mama wa Bweni
Hapana nesi. Tulipaka siku moja tukaona wamekufa, tukashukuru Mungu. Dukani tuliambiwa mara moja inatosha. Halafu chupa hazikutosha, tukawapaka waliokuwa wanajikuna tu.

Nesi wa Zamu
Hapo pana makosa mawili, na wala si yako peke yako, nayaona kila siku. Mtoto anaweza kukaa wiki nne mpaka sita na chawa kabla hajaanza kujikuna, hasa kama ni mara yake ya kwanza. Ukiwatibu wanaojikuna peke yao, wale wasiojikuna wanabaki ndio ghala.

Mzee wa Reli
Sisi tuliosoma shule za bweni miaka ya 70 tulipuliziwa unga mweupe kichwani, mchezo umeisha. Wasiopata unga walipakwa mafuta ya taa, wanafungwa kitambaa usiku mmoja. Asubuhi chawa wote chali. Siku hizi mnakuza mambo.

Bi Shufaa
Mzee wa Reli shikamoo, lakini hili la mafuta ya taa naomba tusilipitishe kwenye uzi wenye watoto wa watu. Mdogo wangu wa kike alipakwa akiwa na miaka 7, tulikuwa tunatumia koroboi. Aliinama kuokota kalamu. Mpaka leo ana kovu kutoka sikioni hadi begani na hajawahi kutoka bila ushungi. Hata bila moto, mafuta ya taa yanababua ngozi na mtoto anavuta ule mvuke usiku kucha.

Mzee wa Reli
Marahaba. Pole sana mwanangu. Nimefuta kauli.

Mkulima Njombe
Na kuna wanaotumia dawa ya kuogeshea ng'ombe. Hapa kijijini mtoto alizimia, akakimbizwa zahanati mate yanamtoka. Ile ni sumu, inaingia kupitia ngozi. Kwenye usafi nimekubali nimekosea, lakini chanuo bado nashikilia.

Msusi Original
Nina miaka 14 kwenye kiti cha saluni, naomba niongee kama mtu anayeviona vichwa. Swali kwa mleta uzi: hao wasichana nani anawasuka?

Mama wa Bweni
Kuna binti wa darasa la sita ana mikono mizuri sana. Jumapili anasuka karibu bweni zima, twende kilioni, mabutu, nywele za uzi. Wanapanga foleni.

Msusi Original
Basi anza hapo. Si kwamba binti ana kosa, maskini. Lakini mtoto akisukwa kichwa kipo mapajani, msusi kainama, nywele zao zinagusana saa nzima. Halafu nywele zikishasukwa zinakaa wiki tatu nne bila kufumuliwa, nani atamuona chawa ndani ya msuko? Mimi kabla sijamshika mtoto nafumua, natenganisha nywele nyuma ya masikio na kisogoni, naangalia juani. Nikiona kitu namwambia mzazi kwa sauti ya chini, simsuki siku hiyo. Chanuo naloweka kwenye maji ya moto sana. Kwa watoto nimeacha kutumia brashi.

Kibo2
Msusi, kwa hiyo dawa ni wasisukwe? Mtoto wa kituo unamnyang'anya hata Jumapili yake?

Msusi Original
Sijasema wasisukwe. Nimesema kichwa kikaguliwe kwanza. Soma tena mkuu.

Dada wa Columbus
Salaam kutoka Ohio. Mimi nimekua naambiwa sisi Waafrika hatupati chawa. Na kweli, huku shuleni barua za chawa zinakuja kila muhula, wanangu wenye kipilipili hawajapata, jirani zao Wazungu wanapata kila mwaka. Inakuwaje huko nyumbani watoto wanapata?

Nesi wa Zamu
Dada, ni kweli huko Marekani watoto weusi wanapata kwa nadra. Maelezo yanayotolewa ni kwamba chawa wa huko kucha zake zimezoea kushika unywele wa mviringo, wetu umebonyea kidogo kama utepe, haumkai vizuri. Wa huku anaishi kwenye vichwa vya huku, ameshazoea.

Pwani Asili
Mimi hayo maelezo ya kucha yananipa shida. Kwetu Lamu darasa moja lina singa, wavi na kipilipili, na chawa alipokuja alipita wote. Naona ni suala la nani analala na nani na nani anamchana nani. Huko Ohio mtoto ana kitanda chake, mama anampaka mafuta na kumsuka mwenyewe nyumbani. Si kucha peke yake.

Dada wa Columbus
Hilo la mafuta sikuwa nimelifikiria. Asante. Na huku kuna jambo moja nimelipenda: chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kinasema mtoto mwenye afya asirudishwe nyumbani wala asikoseshwe masomo kwa sababu ya chawa. Akionekana naye saa nne anamaliza siku yake, atatibiwa jioni. Chawa keshakaa naye wiki kadhaa, saa tatu zaidi zitaongeza nini?

Mama wa Bweni
Dada umenigusa pabaya. Muhula uliopita watoto wetu sita walitolewa mstarini mbele ya shule nzima, wakaambiwa "watoto wa kituo rudini kwenu mkanyolewe". Walitembea kilometa tatu kurudi. Mmoja alikuwa hana chawa kabisa, alikuwa na mba. Nilienda kuongea na mwalimu, nikajibiwa kwamba wanalinda wengine. Lakini watoto wetu wanakaa dawati moja na watoto wa majirani pale, watatu watatu. Nani kampa nani?

Kibo2
Nilikuwa na wasiwasi huo huo. Mnaweza kutibu bweni zima na Jumatatu wakarudi na wapya kutoka shuleni. Huo ndio mzizi, si kusukana.

Jirani wa Kisumu
Nawasalimu kutoka ng'ambo ya mpaka. Mimi nimefanya kazi na makao ya watoto huku Kenya, na kwetu walirudi kila baada ya likizo. Watoto wanaenda kwa nyanya na mashangazi Desemba, Januari unaanza upya. Halafu kuna mtoto mpya analetwa usiku na polisi, analazwa kando ya mwenzake kwa sababu vitanda ni vichache. Kwa maoni yangu mlango ni kupokea watoto, si shule.

Na niseme jambo ambalo wengine hawatalipenda: watoto 34 chini ya paa moja ndiyo shida yenyewe. Serikali yetu ilitoa mkakati wa 2022 hadi 2032 wa kuwahamisha watoto kutoka makao kwenda kwa jamaa na familia. Chawa, upele, mapunye, yote ni magonjwa ya msongamano.

Mama wa Bweni
Jirani sikukatalii, hata sisi afisa ustawi wa jamii anafuatilia ndugu na mwaka huu wawili wamerudi kwa bibi zao. Ila hao 34 wanalala hapa leo usiku.

Jirani wa Kisumu
Ni sawa dada. Nimekuelewa.

Kigoma Ziwani
Kuna mtu amesema chawa haleti ugonjwa? Sisi tuliopokea wakimbizi wa Burundi tunajua. Mwaka 1997 kule Burundi watu walikufa kwa homa ya chawa, wenyewe wakiita sutama. Makambini na magerezani. Msichukulie poa, chawa analeta taifodi.

Nesi wa Zamu
Kigoma asante kwa kukumbusha, ila turekebishe. Taifodi ni homa ya matumbo, inatoka kwenye maji na chakula kilichochafuliwa. Sutama ni taifasi, jina tu linafanana. Na taifasi huletwa na chawa wa mwilini, wale wa kwenye nguo. Daktari Charles Nicolle aliligundua hili Tunisi mwaka 1909: aliona wagonjwa wanaambukiza watu mpaka mlangoni pa hospitali, wakishavuliwa nguo na kuogeshwa hawaambukizi tena. Nguo ndiyo iliyokuwa na tatizo. Alipata Nobeli mwaka 1928.

Wa kichwani anawasha, anakosesha usingizi, na mtoto akijikuna kwa kucha chafu vidonda vinaoza, tezi za shingoni zinavimba. Hapo apelekwe zahanati. Lakini taifasi, tusiwatishe walezi.

Kigoma Ziwani
Sawa nesi, nimeipata. Nguo zifuliwe basi, kwa ajili ya yule mwingine.

Tandale Kwetu
Uzi umeanza na bweni la Kilimanjaro, tumepita Ohio, Kisumu, Burundi, sasa tuko Tunisi. Rudini bwenini jamani, dada anasubiri jibu.

Mama Mwarobaini
Majani ya mwarobaini, chemsha, osha kichwa, kila siku kwa siku saba. Wanangu walipona. Hamna gharama.

Kibo2
Mama, uliwaosha siku saba mfululizo. Je, ni mwarobaini au ni kule kuosha na kuchana kila siku?

Mama Mwarobaini
Wewe unataka kupona au unataka kubishana?

Mtu wa Wete
Pemba hapa. Kuna kitu sijaona kimetajwa. Sisi Zanzibar tuligawiwa vidonge vya matende na mabusha nyumba kwa nyumba kuanzia 2001, ivamektini na albendazo. Upele ulipungua vituoni hata wahudumu wakaona. Na akina mama kwetu walisema chawa nao walipungua vichwani. Kwa nini kituo kisipewe vidonge, kazi ikaisha?

Nesi wa Zamu
Ni kweli ivamektini inaua chawa, na hutolewa dozi mbili zikipishana siku 7 mpaka 10. Lakini si ya kununua na kugawa kama pipi. Inapimwa kwa kilo, mtoto chini ya kilo 15 hapewi, mjamzito hapewi. Kwenye kituo chenye watoto wa miaka 3 lazima mganga aje apime mmoja mmoja. Mimi ningeiweka akiba, ikishindikana ya kupaka.

Ya kupaka: pemethrini ya asilimia 1, kwenye nywele zilizooshwa na kukaushwa kwa taulo, dakika 10, suuza, siku ya 9 rudia. WOTE, siku moja, na walezi wanaolala humo. Msitumie BBE, ile losheni ya kupaka ya upele, bila kuuliza, inachoma macho na vidonda.

Mfamasia Mdogo
Naongeza. Sehemu nyingi duniani chawa wameshakuwa sugu kwa pemethrini. Kama mkirudia kwa usahihi na bado siku ya pili mnaona wanaotembea, msiongeze dozi, badilisheni. Kuna losheni ya dimetikoni, hiyo si sumu, inamfunika chawa mpaka anakufa, kwa hiyo usugu si rahisi. Mikoani kuipata ni kazi. Huenda tangu mwanzo dawa za dada hazikufanya kazi kabisa, tunailaumu ratiba bure.

Nesi wa Zamu
Inawezekana. Lakini alisema waliona wamekufa.

Bi Shufaa
Tuseme hela ya chupa 19 mara mbili haipo. Kichana je? Mamangu alikuwa na kile cha meno yaliyobanana, cha pembe. Alitukalisha barazani kila Ijumaa, kitambaa cheupe mabegani, anachana anafuta kwenye kitambaa, anachana anafuta. Ukiona kadoa kanatembea tulishangilia.

Msusi Original
Bi Shufaa, mlikuwa na singa nyie. Kichana kile kwenye kipilipili kavu kinavunja meno na kumliza mtoto. Nimejaribu. Kinachowezekana ni hivi: lowanisha, paka mafuta ya nazi mengi mpaka nywele ziteleze, gawa mafungu madogo kama ya kusuka, anza na chanuo pana, ndipo uingize kichana cha chawa kuanzia kwenye ngozi. Kichwa kimoja kinakula nusu saa. Ukiwa na nywele fupi za sentimita mbili inakuwa rahisi zaidi, na huo ndio muda alionao mleta uzi sasa hivi, asiuache upite.

Nesi wa Zamu
Hapo msusi umesema jambo la maana sana. Kuchana kukitumika peke yake ni siku ya 1, ya 5, ya 9 na ya 13, halafu ukaguzi siku ya 17. Kutofautisha yai na mba: sukuma kwa ukucha. Mba inateleza na kudondoka. Yai halisogei, limegandia upande mmoja wa unywele, umbo la tone. Likiwa zaidi ya sentimita moja kutoka kwenye ngozi, ujue ni ganda tupu la zamani.

Kibo2
Dakika 30 mara vichwa 19 ni saa tisa na nusu. Walezi mko wangapi dada?

Mama wa Bweni
Wawili kwa zamu. Na maji yanatoka Jumanne na Ijumaa.

Mzee wa Reli
Wale wasichana wakubwa wafundishwe wachane wadogo. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Tandale Kwetu
Nilikuwa nahesabu tu nani ataileta hiyo methali. Mzee hakuniangusha.

Mkulima Njombe
Na magodoro? Mimi ningepuliza dawa ya mbu bweni zima.

Nesi wa Zamu
Usipulize. Watoto wanalala humo, na chawa aliyedondoka anakufa mwenyewe. Mashuka, foronya, shungi na kofia zilizotumika siku mbili za mwisho zifuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Kisichofulika kifungwe kwenye mfuko wa plastiki wiki mbili. Nguvu zote zielekezwe vichwani. Na vitanda: kama lazima walale wawili, walale mzungu wa nne, kichwa cha mmoja miguuni pa mwenzake.

Mama wa Bweni
(siku 18 baadaye)
Wapendwa, nimerudi na mrejesho.

Tuliwapaka wote 19 na walezi wote siku moja, Ijumaa maji yalipotoka. Siku ya 9 tukarudia. Katikati tulichana kwa mafuta ya nazi. Binti msusi nilimuita pembeni, nikamuonyesha yai kwa ukucha kama nesi alivyosema. Sasa yeye ndiye mkaguzi, ana daftari, kila jina na tarehe. Hamtangazi mtu, ananiletea mimi. Wamepanga viti nje chini ya mwembe, wawili wawili, na ile siku ya kwanza walicheka kuliko nilivyotegemea.

Jana ilikuwa siku ya 17. Vichwa 16 safi. Vitatu vina chawa hai. Wawili kati ya hao walitembelewa na shangazi yao wiki iliyopita na wakalala naye nyumba ya wageni. Wa tatu hakwenda popote, anakaa dawati moja na mtoto yule yule shuleni.

Jirani wa Kisumu
Shangazi! Nilisema.

Kibo2
Na dawati je, nani alisema?

Mfamasia Mdogo
Au ni dawa. Watatu kati ya 19 si haba. Hao watatu ni wakubwa au wadogo? Waliooshwa na nani?

Mama wa Bweni
Wote watatu niliwaosha mimi mwenyewe, mwishoni, maji yakiwa yanakatika. Huenda sikusubiri dakika 10. Nimewapaka tena leo asubuhi, saa mkononi. Kesho naenda kwa mwalimu na daftari la binti, nimuombe akague darasa zima, chumbani, mmoja mmoja, si wetu peke yao.

Yule wa miaka 9 kichwa chake kimekuwa safi mara zote nne. Nywele zimefika kama ukucha wa kidole gumba. Ameniuliza lini zitashikika. Binti msusi amepima kwa vidole akamwambia mwezi wa nane.

Msusi Original
Mwezi wa nane zitashika. Aanze na mabutu madogo, asivutwe pembeni. Nitumie ujumbe, nina kichana cha chawa cha chuma kingine hapa, nitakutumia kwa basi.